Kilwa ziko tatu: mambo ya kushika kabla hujaanza kuandika historia yake

Mwanafunzi mgeni wa historia ya Kilwa hukwama mapema kwa sababu ya jina tu. Kilwa Kisiwani ndiyo ya masultani, dhahabu ya Sofala (bandari ya Msumbiji ya leo) na misikiti ya mawe. Kilwa Kivinje, iliyoko bara, ilishamiri karne ya 19 kwa misafara ya pembe na watumwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Kilwa Masoko ni makao ya wilaya ya leo. Ukikuta maandishi yanasema "Kilwa" bila zaidi, tazama yanazungumzia mwaka gani, kisha andika jina kamili katika daftari lako.

Baada ya jina, hesabu ya miaka. Vyanzo vya Kiarabu hufuata Hijria, na wengi huongeza 622 wakadhani wamemaliza. Mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko wa Miladi kwa siku kama 11, na upungufu huo hurundikana mwaka hadi mwaka. Zidisha kwanza kwa 0.97, ndipo uongeze 622. Chukua mwaka 731, ambao kwa kawaida ndio huhesabiwa kuwa wa safari ya Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa: 731 mara 0.97 ni 709, na jumla ni 1331. Ukiongeza 622 peke yake utapata 1353, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliyempokea atakuwa amesogezwa miaka 22. Tena, mwaka mmoja wa Hijria huangukia miaka miwili ya Miladi, hivyo kama mwezi haujulikani andika 1330/31.

Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili. Moja ni ya João de Barros, mwanahistoria wa Kireno, iliyochapwa Lisbon mwaka 1552. Nyingine ni ya Kiarabu, kwa nakala iliyoandikwa Zanzibar mwaka 1877 na sasa iko London. Orodha zao za wafalme hazilingani. Usizichanganye ili upate orodha moja nzuri. Chora safu mbili, weka kila jina upande wake, na pengo liache pengo. Hata kile kisa cha Mshirazi, yaani mtu wa Shiraz huko Uajemi, aliyenunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka kisome kwa kuuliza ni nani aliyefaidika kikisimuliwa hivyo. Ukoo unaotawala hupenda kuonyesha kwamba ardhi ilipatikana kwa bei ya haki.

Sarafu ndizo zinazotushughulisha zaidi. Zile za shaba za Kilwa ni ndogo, zina jina la sultani, lakini hazina mwaka. Neville Chittick, aliyechimba Kisiwani miaka ya 1960, aliuweka ujio wa utawala wa Kishirazi karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984 ikafukuliwa hazina ya Mtambwe Mkuu, Pemba: sarafu za fedha zaidi ya 2,000, nyingine zikiwa na jina la Ali bin al-Hasan, pamoja na dinari (sarafu za dhahabu) za Kifatimi, watawala wa Misri wa zama hizo, ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Ikiwa huyo Ali ndiye yule anayesimuliwa kuwa mwanzilishi wa utawala wa Kilwa, mwanzo wa utawala unarudi nyuma zaidi ya karne moja. Wataalamu bado wanabishana. Kwa hiyo unapoandika tarehe ya mwanzo wa utawala huo, sema pia inategemea ushahidi gani. Tarehe tupu haina thamani hapa.

Ibn Battuta aliandika kwamba nyumba za Kilwa ni za mbao, nawe umesimama mbele ya kuta za mawe. Usikimbilie kumwita mwongo. Habari zake alizisimulia akiwa amekwisha rudi Morocco, na kazi ikakamilika 1355. Zaidi ya hayo, watu wengi wa mji huo waliishi katika nyumba za udongo na makuti, ambazo hazikuacha magofu.

Ukienda Kisiwani, kibali chukua Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Jengo la kisiwani liitwalo Gereza usiliandike kuwa ngome ya Wareno ya 1505 hivi hivi: jengo unaloliona sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani, limesimama juu ya mabaki ya Wareno. Katika Msikiti Mkuu anza upande wa kaskazini, ulio mdogo na wa zamani, ndipo uende kusini kwenye kuba, upanuzi wa karne ya 14 ulioporomoka ukajengwa upya. Na katika nyumba za mawe pima upana wa vyumba. Utaona hauzidi mita tatu au pungufu kidogo, hata nyumba iwe kubwa namna gani, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ndefu zaidi ya hapo hupinda chini ya uzito wa matumbawe na chokaa.