Bafa ya nomali: soma pikseli kabla ya kugusa taa

Ukianza kuandika injini ya michoro inayoahirisha taa, yaani ile ambayo awamu yake ya kwanza huhifadhi kwenye bafa (sehemu za kumbukumbu) rangi, kina na nomali, yaani mwelekeo ambao uso unatazama, za kila pikseli, kisha awamu ya pili ndiyo ikokotoe mwanga, utajikuta mara nyingi ukiilaumu hesabu ya taa kwa kosa lililokwisha kutendeka kabla yake. Mimi nilipoteza siku tatu nikibadilisha fomula ya mng'ao, ilhali ukuta mmoja wa chumba changu cha majaribio ulibaki mweusi hata nilipousogezea taa.

Anza na sakafu tupu. Onyesha bafa ya nomali kwenye skrini, lakini usiridhike kuitazama kwa macho tu. Fungua RenderDoc, programu ya kukagua michoro hatua kwa hatua, bofya pikseli moja ya sakafu, usome namba zake. Ikiwa mhimili wa Y unaelekea juu, nomali ya sakafu ni (0, 1, 0), na bafa ya biti 8 isiyobeba namba hasi hudai kila namba izidishwe kwa 0.5 kisha iongezwe 0.5, kwa hiyo, kwa kipimo cha 0 hadi 255, utarajie (128, 255, 128), kijani kilichopauka. RenderDoc itakuandikia 0.50196 badala ya nusu kamili. Usishtuke, ndiyo 128 iliyogawanywa kwa 255. Ukuta wangu ulikuwa na nomali (-1, 0, 0) nami nilikuwa nimeisahau hesabu hiyo, basi -1 ikakatwa kuwa 0 na pikseli yote ikasomeka sifuri. Ukuta uliotazamana nao, wenye (1, 0, 0), ulitoka mwekundu safi na kupokea mwanga barabara, na huo ndio ulionipotosha.

Namba zikikaa sawa, zungusha kamera. Nomali za mfumo wa dunia, zinazopimwa kwa mihimili ya mandhari yenyewe, hazibadiliki rangi kamera inapogeuka, za mfumo wa kamera hubadilika. Wowote kati ya mifumo hiyo unafaa, mradi sheda ya taa, yaani programu ndogo ya kadi ya michoro inayokokotoa mwanga, itumie mfumo uleule. Halafu chukua tufe, ulivute kwa mhimili mmoja pekee: nomali zikiinama vibaya, umezizidisha kwa matriksi (jedwali la namba linalosogeza na kuvuta kitu) ya kitu chenyewe, wakati zinahitaji kinyume chake kilichogeuzwa safu kuwa nguzo.

Kosa lililonisumbua kuliko yote lilikuwa uchanganyaji wa rangi niliouacha umewashwa. Nilihifadhi ukwaruzo wa uso kwenye chaneli ya alfa, ile namba ya nne ya pikseli, kadi ya michoro ikaichukulia kuwa uwazi, na kila uso laini ukachanganyika na nomali ya kitu kilichochorwa nyuma yake. Kilichonifumbua macho ni kikombe kilichobeba, katikati ya ubavu wake, namba zilezile za sakafu.