Muulize Mzee Bikoni: Kopo chini ya jiwe

Toleo lililopita niligusia kwamba tangu nistaafu upimaji ardhi, mjukuu wangu ananiburuta milimani kutafuta makopo yaliyofichwa, mchezo wa jiokashi. Barua zilizokuja zimezidi za migogoro ya mipaka, jambo ambalo halijatokea tangu nianze safu hii. Wa mipaka mnisamehe, mtasubiri.

Shikamoo Mzee Bikoni. Mimi ni bodaboda wa hapa Uyole. Juzi mimi na mwenzangu tuliwapeleka wazungu wawili juu, barabara ya Chunya. Wakashuka, wakawa wanazunguka mwamba simu mkononi kama mbuzi anayetafuta chumvi. Mmoja akaingiza mkono kwenye ufa, akatoa kikopo, wakaandika kitu, wakakirudisha palepale. Hawakuchukua chochote! Mwenzangu anasema hiyo ni alama ya mali za Mjerumani. Tukachimbe?

Marahaba kijana wangu. Msichimbe. Mtaambulia mafua tu, na mwenzako hatarudishiwa hela ya mafuta.

Mchezo wenyewe ni huu. Mtu anaficha kopo mahali anapopapenda, anapima koordinati zake, yaani zile namba za mahali, kwa GPS, anazitangaza kwenye intaneti. Mwingine ambaye hawajuani anazifuata mpaka pale, analisaka, anasaini karatasi iliyomo, analirudisha lilivyokuwa. Basi. Wachezaji wanauita jiokashi. Kashi, kitu kilichofichwa, siyo keshi ya hela, na hapo ndipo mwenzako alipopotea.

Sisi wapimaji tunaukumbuka mwaka ulipoanza. Satelaiti za GPS ni za Wamarekani, na zamani walikuwa wanazitia makosa kwa makusudi ili raia asipate kipimo cha kweli. Umesimama hapa, chombo kinakuonyesha uko mita mia moja kule. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000 wakayaondoa makosa hayo. Kesho yake, tarehe 3, bwana mmoja wa Oregon aitwaye Dave Ulmer akaenda msituni karibu na Beavercreek na ndoo nyeusi ya plastiki. Ndani alitia vitabu, kanda za video, manati na kopo la maharage. Akatangaza namba, na sharti lake likawa moja: chukua kitu, acha kitu, uandike daftarini. Mike Teague ndiye aliyeifikia kwanza. Leo makopo duniani yamezidi milioni 3. Kilichonifurahisha mimi ni yale maharage. Mtu anajaribu satelaiti za jeshi, na bado anakumbuka kufungasha maharage.

Sasa nikueleze kwa nini nimekwambia msichimbe. Nami nimeshawahi kukamatwa.

Ilikuwa kijiji kimoja upande wa Rungwe. Namba zilinileta kwenye shina la mparachichi, nikapiga magoti, mkono mpaka kwenye kiwiko ndani ya mizizi. Mjukuu alikuwa amebaki barabarani anatafuta mtandao. Nikasikia nyuma yangu, "Wewe mzee, unazika nini?" Vijana wanne, mmoja na panga. Unajua kwetu: mtu akikutwa anachokonoa mizizi ya mti wa watu, ama ni mchawi, ama anatafuta rupia. Nikaanza kueleza habari za satelaiti, nikazidi kujiharibia. Kila nilipoonyesha juu angani, walizidi kutazamana.

Mwenyekiti wa kitongoji alipofika nilimwomba alitoe kopo yeye mwenyewe. Lilikuwa la plastiki, la kufunga kwa vibano, limeviringishwa utepe wa kijani. Akatoa kifungo cha koti, sarafu ya Malawi, tairi la gari la mtoto, na kijidaftari kidogo kama cha mkopo wa dukani. Akasoma majina, polepole, moja moja, yalikuwa tisa. Kisha akaniuliza, "Hawa wote wameingia shambani kwa bibi huyu bila kubisha hodi?"

Sikuwa na jibu. Aliyelificha hakuomba ruhusa, na kanuni za mchezo wenyewe zinataka mwenye ardhi akubali kwanza. Hazikubali pia kufukia kwa kuchimba, wala kutia chakula, visu au viberiti. Kwa hiyo siku hizi tukifika mahali, simu inabaki mfukoni mpaka tumalize salamu. Inachukua nusu saa, wakati mwingine na ugali juu yake. Bibi mwenye mparachichi sasa ndiye mlezi wa kopo lile, na akiona mgeni anazungukazunguka anamwachia kwanza ahangaike kidogo, ndipo anamwita.

Wewe na mwenzako mna pikipiki na mnazijua njia zote za kule juu. Badala ya kuchimba, jifunzeni kusoma namba. Wale wageni watarudi na wenzao, na watamtafuta dereva anayejua wanachokitafuta.

Kamwene Mzee. Nafundisha Jiografia, sekondari, hapa Iringa. Nilificha kopo la majaribio nyuma ya uwanja wa shule nikawagawia wanafunzi namba. Kundi la kwanza simu iliwaambia waende Ethiopia. La pili likaambiwa kopo liko zaidi ya kilomita arobaini. Nimechekwa hadi ofisini. Nimekosea wapi? Na je, naweza kuweka jingine Isimila?

Kamwene, mwalimu. Kundi la Ethiopia wamesahau herufi moja tu, S ya kusini. Mji wa Iringa uko takriban nyuzi 7 na dakika 46 kusini ya ikweta, nyuzi 35 na dakika 42 mashariki. Igeuze kusini iwe kaskazini, utatua Ethiopia kweli. Hao wape maksi, simu yao haikudanganya.

Kundi la pili wana ugonjwa ambao hata maofisini niliukuta. Wachezaji wa jiokashi huandika nyuzi, halafu dakika zenye desimali tatu: S 07° 46.200. Ramani nyingi za simu zinataka nyuzi zenye desimali. Mwanafunzi akiona 07 na 46.200 anaandika 7.46200, anaona amemaliza. Lakini dakika ni 60 katika nyuzi moja, si 100. Lazima agawanye 46.2 kwa 60, apate 0.77, ndipo aandike 7.77. Tofauti ya 7.77 na 7.462 ni kama kilomita 34 za kwenda kaskazini, na ukikosea vivyo hivyo kwenye longitudo unaongeza thelathini na ushei kwenda magharibi. Hapo ndipo arobaini na kitu yako ilipotoka. Wapigishe hesabu hiyo ubaoni kabla hawajatoka nje, utaona wanavyoamka.

Jambo jingine watakalolipenda: ile desimali ya tatu ya dakika ni mita 1.85 ardhini, kama urefu wa mlinzi wenu wa getini akilala. Simu ya kawaida mahali peupe inakosea mita tatu mpaka tano, na chini ya miti au kando ya mwamba inazidi hapo. Kwa hiyo wakibakiza mita tano waambie waweke simu mfukoni. Kuanzia hapo ni macho. Jiwe lililokaa juu ya majani ambayo bado mabichi, vijiti vitatu vilivyolala sambamba, kipande cha gome kisicho cha mti ule. Mimi miaka yote nilizika bikoni, zile alama za mipaka, ili kila mtu azione na asizing'oe. Kutafuta kilichofichwa ili kisionekane kumenifundisha kutazama upya, na macho yenyewe haya ya miwani.

Umeuliza pia kama unaweza kuweka kopo Isimila. Usiweke. Pale pamehifadhiwa kwa ajili ya zana za mawe, na zile nguzo za udongo hazihitaji mikono ya vijana arobaini. Ipo aina ya jiokashi isiyo na kopo: mtu anakwenda mahali penye jambo la kijiolojia, anatazama, anajibu maswali. Wapeleke, ni kama kilomita ishirini tu kutoka mjini, uwaulize kwa nini nguzo zile zimesimama na udongo uliokuwa kati yao umeondoka. Mkipata basi la kuwafikisha Songwe, kijijini Ndolezi, waulize kuhusu Kimondo cha Mbozi: tani zaidi ya kumi za chuma na nikeli zimetoka angani, mbona hakuna shimo? Usiwape jibu kabla hawajagombana kidogo.

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, Tukuyu. Wa mwisho kaokota kikopo kwenye mawe karibu na mto, ndani kuna kibati kama cha askari, kina namba, kimefungwa mnyororo na kijing'ombe cha plastiki. Amekivaa shingoni, hataki kukivua hata kulala. Majirani wanasema nikitupe. Kina madhara?

Marahaba mama. Hakina madhara, ila si chake. Kibati kile ni msafiri. Mwenyewe yuko mahali fulani duniani, ameandikisha namba ile, na kila anayekiokota anaiingiza kwenye intaneti kusema nimekikuta hapa, nakipeleka pale. Mwingine anataka kibati chake kifike bahari tatu, mwingine kilale kila nchi usiku mmoja. Ng'ombe wako sijui anakwenda wapi, lakini si shingoni kwa mtoto.

Hata lile kopo la maharage la Ulmer liliishia kufungwa kibati cha namna hiyo, likawa linasafirishwa kuonyeshwa wachezaji. Maharage ya mwaka 2000!

Usimnyang'anye, atalia na atakuwa na haki ya kulia. Mwambie ng'ombe anasubiriwa. Mtafutie kichezeo kingine cha kubaki nacho, kisha mrudishe yeye mwenyewe kikopo mawe yaleyale na ng'ombe ndani. Kama kuna mtu nyumbani mwenye bando, aingize ile namba kwanza, mtoto aone safari yake kwenye ramani. Na usimwambie yeyote namba iliyochongwa pale, ndiyo ufunguo wake. Ndaga fijo kwa kutokitupa.

Mzee, nipo Mbeya mjini. Nasikia mnakutana. Mnafanya nini, na kiingilio shilingi ngapi? Mke wangu anadhani ni upatu.

Hakuna kiingilio, na mlete mke wako ajionee. Mkutano nao ni aina ya jiokashi: mwenye kuuitisha anatangaza koordinati, siku na saa, na lazima uchukue angalau nusu saa. Ukifika unahesabiwa umepata, kana kwamba umeokota kopo. Nchi za wenzetu kuna mikutano ya watu mia tano na zaidi.

Wetu wa mwisho tulikuwa saba, kwenye kibanda cha chai kule Soko Matola. Mimi na mjukuu, mwalimu mmoja na mumewe, wageni wawili waliokuwa wanapita kwenda Malawi, na dereva wa lori Mzambia ambaye alikuwa anasubiri foleni ya Tunduma ipungue. Huyo dereva ndiye aliyetufunga midomo. Anafanya Lusaka mpaka Dar es Salaam mwaka mzima, na pale wenzake wanaposimama kuchoma mahindi yeye anateremka kutafuta kopo. Alitoa kwenye soksi, nasema soksi, vibati vinne, akavipanga mezani katikati ya maandazi. Kimoja kilianzia Ujerumani. Wageni wakachukua viwili vya kwenda kusini, mwalimu akachukua kimoja, nacho cha nne mjukuu wangu hakutaka hata kumwonyesha mtu.

Mama wa chai alitutazama muda mrefu, mwishowe akauliza, "Samahani, hii ni dini gani?" Dereva akamwambia ni ya wasiojua kukaa nyumbani. Akatuongezea chai, ila alilipisha.

Mara nyingine tunakwenda kuokota taka. Huo nao ni utaratibu wa mchezo duniani kote: mnakutana mahali na viroba na mnaondoka pamesafishwa. Tulifanya njia ya kupandia mlima Loleza, tukajaza viroba kumi na moja, karibu vyote chupa za maji. Sikupenda kwamba tulipoteremka hatukuwa na pa kuvipeleka, tukavilaza kwangu siku nne na jirani akanuna.

Mzee Bikoni, salamu kutoka Njombe. Kopo langu limedumu miezi miwili tu, daftari limeoza. Nifanyeje?

Mvua za Njombe hizo, pole. Makopo ya kahawa yenye kifuniko cha kubonyeza hayafai, yanapumua. Tafuta lenye mpira ndani ya kifuniko, lile la kufunga kwa vibano pande nne, daftari ulitie kwanza kwenye mfuko wa kufunga kwa zipu. Ulaze mdomo wa kopo chini kidogo, maji yasikae kwenye kifuniko. Upite kulitazama kila baada ya mwezi mpaka mvua ziishe, maana mlezi ni wewe, na hii ndiyo sababu wageni wa wiki mbili hawaruhusiwi kuacha makopo na kuondoka bila mtu wa kuyaangalia.

Na toa kalamu. Weka penseli, iwe fupi, na kipande cha wembe wa kuchongea usikiweke.