Ukialikwa shoo ya hisani yenye mazingaombwe nenda, ila simu iache kwenye pochi

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi. Kaniandikia, "Da, kazini kwetu wanauza tiketi za shoo ya hisani ya watoto wagonjwa, kuna sarakasi, kuna ngoma na watu wawili wa mazingaombwe, sasa mume wangu anasema huko ni kwa wachawi nisithubutu kupeleka watoto, nifanyeje?" Nilitaka nimjibu mistari miwili nikashindwa, maana mimi mwenyewe nimetoka kwenye shoo ya namna hiyo wiki tatu tu zilizopita, na mwaka jana kwenye shoo kama hiyo hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka uso unapata joto. Kwahiyo naandika hapa tusome wote.

Mimi nimekulia Morogoro, na wa rika langu mnajua, mazingaombwe tuliyaona shuleni. Mwalimu mkuu anatangaza mstarini kwamba kesho kuna mtu wa mazingaombwe, kiingilio shilingi kumi, asiye na hela abaki darasani. Nilimlilia bibi jioni nzima mpaka akafungua fundo la kanga akatoa hiyo shilingi kumi, alafu akaniuliza, "Huyo mtu si mnasema anageuza makaratasi yanakuwa hela? Sasa shilingi kumi yangu anaitakia nini?" Sikuwa na jibu. Nikaenda, nikasimama nyuma ya wakaka wa darasa la saba, na kusema kweli nilichoona ni migongo yao. Nilisikia tu wenzangu wanapiga kelele, eti katema mayai, eti kavuta utepe mrefu mdomoni, nikarudi nyumbani nikamdanganya bibi kwamba nimeona vyote. Lile swali lake nimeishi nalo miaka zaidi ya thelathini na shoo ya mwaka huu ndiyo imenipa jibu lake, nitafika hapo.

Kwahiyo ushauri wa kwanza, nenda mapema ukae mbele. Mazingaombwe ni kitu cha macho na vidole, huwezi kuyaangalia kutoka mlangoni.

Sasa ya mwaka jana. Nilialikwa na rafiki, shoo ya kuchangia watoto, nikachelewa nikapata kiti cha pembeni kabisa karibu na pazia. Mtu akikaa pembeni anaona vitu ambavyo waliokaa katikati hawavioni. Akapanda kijana mmoja mwembamba kavaa suti imemzidi mabega, akafanya mchezo wa leso na kikombe, ukumbi mzima wakashangilia, mimi nikaona mkono wake mwingine unafanya nini. Na nilikuwa narekodi. Nikafika nyumbani nikakata kile kipande, nikaweka duara jekundu kwenye mkono, nikaandika "angalieni kushoto wenyewe mjionee," nikapandisha status. Mpaka asubuhi watu zaidi ya mia mbili wameangalia, wananitumia vicheko, wengine wameshakipeleka kwenye magrupu yao. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya tatu saa mbili usiku ikaingia simu namba ngeni. Ni yule kijana. Sikutukanwa, na afadhali ningetukanwa. Alisema taratibu, "Dada, ule mchezo nimeufanyia mazoezi miezi minane mbele ya kioo, na pale nilikuja bure, hata nauli nilijilipia mwenyewe. Sasa Jumamosi nilikuwa na sherehe ya mtoto mahali, wameona video yako wameniambia nisije." Nilikuwa nimeshika mwiko nasonga ugali, nikazima jiko nikakaa chini. Nikamwomba msamaha, nikafuta, lakini kufuta kitu ambacho kiko kwenye magrupu arobaini ni sawa na kukimbiza moshi kwa kapu. Yaani mtu katoa usiku wake kwa ajili ya watoto wa wenzie, mimi nimemkatia riziki kwa ajili ya vicheko vya WhatsApp.

Baadaye nikaanza kusoma habari za hawa watu nikaelewa vizuri zaidi. London kuna chama chao kinaitwa The Magic Circle, kimeanzishwa mwaka 1905, na mwanachama akitoa siri hovyo nje anaweza kufukuzwa. Kwa wao siri ndiyo shamba, ndiyo jembe, ndiyo mbegu. Seremala ukimchungulia anavyoranda mbao humuharibii kitu, kesho utanunua meza yake bado. Huyu ukimchungulia na kutangaza umemmaliza. Jamani tuache hii tabia ya kila kitu kurekodi. Umelipa uone, ona. Simu iache kwenye pochi.

Mwaka huu ikaja shoo nyingine, waandaaji wengine kabisa, na safari hii ilinigusa mwenyewe maana michango ilikuwa ya watoto wenye vichwa vikubwa na mgongo wazi. Mtoto wa mdogo wangu ni mmoja wao. Kwa asiyejua, maji yanayozunguka ubongo yakikosa njia ya kutoka yanajaa na kichwa cha mtoto kinakua kupita kiasi, madaktari wanaweka mpira mwembamba chini ya ngozi unaoyatoa kichwani mpaka tumboni. Ule mpira unaweza kuziba baadaye, mtoto anaanza kutapika, kulalamika kichwa, kusinzia tu, na hapo ni kurudi hospitali haraka siyo kusubiri kesho. Mdogo wangu ameshafunga safari ya kuja Dar na mtoto mgongoni mara nne, na mara mbili kati ya hizo hakuwa na nauli ya kurudia. Kwahiyo waliponiuliza kama naweza kusaidia kuuza tiketi sikufikiria mara mbili. Niliuza tiketi 46. Arobaini na sita! Ofisini, kanisani, kwenye kikoba, mpaka konda mmoja wa daladala alinunua mbili. Sijisifu bure, nataka ujue kwamba watu hawakatai, watu wanasubiri kuombwa na mtu wanayemjua anayeweza kuwaambia hela inakwenda wapi.

Na hilo la hela inakwenda wapi nalisema kwa uchungu. Wale wa mwaka jana, siwataji, walituahidi pale pale ukumbini kwamba watatuma mchanganuo ndani ya mwezi. Mpaka leo sijaona hata ujumbe wa shukrani, na niliuliza mara mbili nikajibiwa niwe na subira. Safari hii kabla sijachukua kitabu cha tiketi niliuliza ukumbi umelipiwa na nani, vyombo vya muziki vimelipiwa na nani, kiingilio kinaingia akaunti ipi na nani wanasaini. Mwenyekiti alinijibu bila kukunja uso, ukumbi wamepewa bure na wasanii wote wamekuja bure. Mtu wa hisani ukimuuliza habari za hela akakasirika, rudisha kitabu chake.

Siku yenyewe mvua ilinyesha kama ilivyotumwa. Natoka Kimara na wanangu wawili, tukapanda mwendokasi tumebanana mpaka Fire, tukatembea kuingia Upanga viatu vimeloa, tukafika saa nzima kabla tukakaa mstari wa pili katikati. Nenda mapema, narudia. Hotuba za mwanzo nazipitisha. Sarakasi walikuwa wazuri, kijana mmoja alipanda viti vitano vilivyobebana akasimama kwa mkono mmoja na mama aliyekaa nyuma yangu akawa anasema "Yesu, Yesu, Yesu" mpaka mtoto wa watu aliposhuka.

Alafu akatangazwa mtu wa mazingaombwe, na kutoka nyuma ya pazia akatoka kijana mwembamba, suti safari hii inamtosha. Ni yule yule. Mimi moyo ukaruka, nikainama kama natafuta kitu kwenye pochi.

Alianza na makaratasi. Makaratasi meupe, akayahesabu mbele yetu, akampa baba mmoja mzee wa mstari wa mbele ayakague, baba akayageuza akayanusa akarudisha. Kijana akayafunika na leso, akapuliza, akafunua, noti za elfu kumi kumi. Niko mita tatu hivi, naziona zile nyekundu, hela kabisa. Watoto walivyopiga kelele sidhani kama umewahi kusikia. Yeye akasubiri wanyamaze, akaziinua juu akasema, "Hizi nzuri, ila hospitali hawazipokei. Za kwenda hospitali zimo kwenye mifuko yenu." Kimya kidogo, alafu watu wakaanza kusimama mmoja mmoja kuelekea kwenye kapu. Yule baba mzee alikuwa wa kwanza.

Nikamkumbuka bibi na fundo lake la kanga. Bibi alikuwa sahihi kuuliza, hela ile haikuwa hela. Shilingi kumi yake ndiyo ilikuwa hela, na yule mtu wa Morogoro alikuwa anaihitaji kama mtu yeyote mwenye watoto nyumbani. Natamani angekuwa hai nimwambie.

Baada ya hapo kijana akaomba mtoto mmoja apande. Mwanangu wa pili ana miaka saba, mkono ulikuwa umeshafika juu kabla hajamaliza kuomba, akachaguliwa. Akampa kazi ya kushika mayai. Anatoa yai kwenye kofia tupu anampa, anatoa lingine anampa, la tatu, la nne, mtoto anayakumbatia kifuani, la saba, la nane, kidevu kimeshatumika, viwiko vimeshatumika, macho yamemtoka ananitafuta mimi, ukumbi unalia kwa kucheka, na la kumi likaponyoka likapasuka juu ya kiatu chake. Mayai ya kweli. Ute ulikuwa unashuka kwenye kamba za kiatu, na yeye kasimama kama askari hataki kuangusha mengine.

Nilipokuja kusoma nikakuta mchezo wa mtoto na mayai una historia ndefu sana. David Devant, rais wa kwanza wa kile chama cha London, aliufanya mwaka 1912 ukumbi wa Palace mbele ya Mfalme George wa Tano na Malkia Mary, na ile shoo nayo ilikuwa ya hisani, kuchangia mfuko wa wasanii waliozeeka na waliokosa uwezo. Hela zilisaidia nyumba yao ya kutunzia wazee iliyoko Twickenham. Kwahiyo mtu akikwambia mazingaombwe na hisani haviendani, mwambie vimekaa pamoja zaidi ya miaka mia.

Nirudi kwa yule mume, shemeji yangu nisiyemjua. Shemeji, naheshimu hofu yako, mimi pia ni mtu wa kanisa. Lakini tutenganishe. Mtu wa mazingaombwe anakwambia kabla hajaanza kwamba nakudanganya macho, kaa uangalie. Hana tunguri, hana hirizi, ana kioo na miezi minane ya mazoezi. Wa kuogopa ni yule anayekuficha kwamba ni mchezo. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Algeria Robert-Houdin, fundi saa aliyegeuka mtu wa mazingaombwe, akawatie watu hofu ili wasiwasikilize viongozi wao wa dini. Alikuwa na sanduku dogo lenye chuma chini, mtoto analibeba, alafu anamwita mwanaume mwenye nguvu analivuta halinyanyuki, kumbe chini ya jukwaa kuna sumaku ya umeme imewashwa. Watu wanaonyesha mchezo ule ule, mmoja kuchangishia watoto wagonjwa, mwingine kutawala nchi ya watu. Na hapa kwetu tuna wale matapeli wa kuzidisha hela, mjomba wangu alipeleka hela ya kiinua mgongo akarudi na bahasha ya magazeti. Mtoto aliyekaa mstari wa pili akaona karatasi zinageuka noti na akaambiwa wazi kwamba noti hizi hazinunui kitu, huyo kesho hakuna tapeli atakayempata kirahisi. Mpeleke mwanao, shemeji. Kaa naye. Akiuliza imekuwaje mwambie ni ufundi wa mikono.

Shoo ilipoisha nilimfuata kijana nyuma ya ukumbi. Alikuwa anafuta meza yake na kitambaa. Nikamwambia mimi ndiye wa duara jekundu. Akaniangalia, akasema, "Nakujua dada, nilikuona ulivyoinama." Alafu akasema alimwona mtoto amekaa na mimi, akamchagua makusudi. Nilishindwa kuongea. Akachukua yai moja kwenye trei akamkabidhi mwanangu, akamwambia hili usiliangushe.

Basi tulirudi na lile yai ndani ya mwendokasi limefungwa kwenye skafu yangu, mtoto kasimama kalishika kwa mikono miwili na watu wakimpisha kila kituo. Liko kwenye friji mpaka leo, kaliandika jina kwa kalamu, na dada wa kazi ameonywa.

Dada uliyeniandikia, hizo tiketi zikiisha niandikie, mwenyekiti wetu ameshaniambia kuna shoo nyingine na nimeomba vitabu viwili. Uliza tu hela inaingia akaunti gani, na uende mapema.