Jibu: Mnunuzi wa chakavu amekataa nailoni zangu za nyumbani

Habari mkuu. Umesema umejaza kiroba cha nailoni za mkate, maziwa na biskuti, mnunuzi akakikataa chote. Tatizo hapo ni mchanganyiko wa aina za plastiki.

Kwanza vuta. Shika kipande kwa vidole, vuta taratibu: kikirefuka na kubaki hivyo, ni polithini (plastiki laini ya mifuko), weka. Kikilia kakara-kakara na kuchanika ghafla, toa. Pakiti za krispi na biskuti zinazong'aa ndani toa zote bila kujiuliza. Ni tabaka za plastiki tofauti zilizogandishwa pamoja, na kuyeyusha hakuzitenganishi.

Pakiti ya maziwa ipasue iwe bapa, ioshe kwa sabuni (mafuta ndiyo yanayonuka), kisha ianike mpaka mikunjo ikauke. Unyevu ukiingia kwenye mashine ya kuyeyusha hugeuka mvuke na kuacha matundu kwenye chenga (punje za plastiki zinazotoka humo). Palipo na stika au selotepu, kata utupe. Nailoni isiyo na rangi wala maandishi ifunge peke yake, isipoteze bei.

Ila kabla hujabeba tena, muulize kama anachukua nailoni laini kabisa. Wengi wanataka madumu na chupa tu.