Kabla hujambeba, kaa kwanza na aliyemlea

Juzi dada mmoja kaniandikia akilalamika. Ameona picha ya mtoto wa mbwa aliyeokolewa, moyo wake ukamwendea papo hapo, akaomba kumchukua. Badala ya kuambiwa njoo, akapewa fomu ndefu: unaishi na nani, nani anabaki na mbwa mchana, uzio ukoje, watoto wa nyumbani wana umri gani, umewahi kufuga au la. Halafu atapigiwa simu, na huenda mtu akaenda kuiona nyumba yake. "Kwa usumbufu huu," ameniandikia, "si bora ninunue tu?"

Dada yangu, usinunue. Yajibu maswali yao yote, na siku ukikubaliwa nenda na yako, tena mengi kuliko ya kwao.

Nasema hivi kwa sababu njia zote mbili nimezipita. Wa kwanza nilimnunua. Muuzaji aliniapia kwamba mtoto ametimiza wiki nane, ana chanjo, na dawa ya minyoo ameshapewa. Daktari wa mifugo alipomfungua kinywa na kumwangalia meno, akaniambia huyu mama yake bado anamtafuta. Haukupita muda akaanza kutapika, akaharisha damu, maji hataki, chakula hataki. Parvo. Alitundikiwa dripu, nikakesha naye, alfajiri akafa. Muuzaji nilimpigia simu hakupokea, na hakupokea tena. Miaka imepita lakini naumia nikikumbuka, maana kile kiumbe kilichukuliwa kwa mama yake kabla ya wakati ili mtu auze haraka.

Kama hujawahi kusikia habari za parvo, zisikie sasa. Ni kirusi kilichotambuliwa mwaka 1978, na kwa muda mfupi kikawa kimeenea duniani kote. Hushambulia utumbo, na waathirika wakubwa ni watoto wa mbwa ambao hawajachanjwa. Mbwa mgonjwa akijisaidia uani, kirusi kinaweza kubaki kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sabuni haikimalizi. Sakafu unaweza kuisafisha kwa dawa ya klorini, lakini udongo utaufanya nini? Daktari alinikataza kuleta mtoto mwingine pale haraka, nami nikakaa zaidi ya mwaka nikiangalia uwanja mtupu.

Ndipo nikaelekezwa kwa watu wanaookoa mbwa bila kuwa na jengo wala vizimba. Kila mbwa wao anaishi nyumbani kwa mtu aliyejitolea, mlezi wa muda, mpaka apate kwake. Mwanzoni niliona ni uhaba wa fedha tu. Kumbe kwa watoto wadogo mpango huu una faida kubwa. Ukikusanya watoto ambao chanjo zao hazijakamilika chini ya paa moja, akiugua mmoja wote wako hatarini. Tena kuanzia wiki ya tatu hadi kama ya kumi na nne ya maisha yake, mbwa anajifunza kitu gani duniani ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopa. Akikipitisha kipindi hicho sebuleni, anazoea fagio, redio, mlango unaobamizwa, mtoto anayelia. Akikipitisha kizimbani, anajua kizimba.

Mimi nilikwenda kwa mlezi nikiwa na picha yangu kwenye simu: mtoto mwenye uso mweupe, mzuri kupita kiasi. Mama yule akaitazama, akatikisa kichwa. "Mwanangu, huyu hakufai. Akiachwa peke yake kidogo tu analia mpaka sauti inamkauka. Anataka nyumba yenye mbwa mkubwa wa kumtuliza. Wewe unaishi peke yako na unakwenda kazini." Nikanyamaza. Akachukua mfuniko wa sufuria, akauangusha sakafuni. Watoto wote wakatimua mbio chini ya meza. Wa kahawia, ambaye sikuwa nimemtazama hata mara moja, alishtuka, akarudi nyuma, akasimama. Kisha akauendea ule mfuniko taratibu na kuunusa. "Umeona? Ameogopa, na amerudi mwenyewe. Huyo ndiye wako."

Huyo ndiye Doa, na hivi sasa amelala juu ya miguu yangu. Picha haiwezi kukwambia alichoniambia mama yule.

Basi ukienda, usikimbilie kubeba mtoto. Kaa chini uulize. Anakula nini na saa ngapi? Usimbadilishie chakula ghafla, tumbo litavurugika. Amezoea kulala wapi? Anajisaidia juu ya nini, majani au gazeti? Nini kinamtisha? Mlezi wangu alikuwa na daftari, kaandika mpaka dakika ngapi baada ya kula mtoto huhitaji kutolewa nje. Daftari lile limeniokolea mazulia mengi.

Omba pia kadi ya chanjo na uisome palepale. Wengi wanadhani sindano moja inatosha. Haitoshi. Chanjo huanza wiki ya sita hadi ya nane, kisha hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mtoto afikishe angalau wiki kumi na sita, kwa sababu kinga aliyorithi kwa mama inaweza kuizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye itaisha lini hasa kwa mtoto yupi. Dawa ya minyoo nayo huanza mapema, tangu wiki ya pili, maana minyoo humpata akiwa bado tumboni na kwenye maziwa.

Hapo wengine wanamfungia mtoto ndani mpaka chanjo ziishe. Mimi nilimbeba. Nilikaa naye barazani mikononi, akaona baiskeli, miavuli, watu wenye kofia. Chini sikumweka mahali wanapopita mbwa nisiowajua. Fanya hivyo, usiache kipindi kile kipite bure.

Omba na kipande cha kitambaa walicholalia yeye na nduguze. Usiku wa kwanza Doa alilia, nikamsogezea kile kitambaa karibu na kitanda, nikateremsha mkono. Alinusa vyote viwili kwa muda, akajikunja, akalala.

Na wale wanaosema mbwa wa kuokolewa ana kasoro, niliwasikia hata ndani ya ukoo wangu. Waje wamwone Doa akimsubiri mgeni amalize kuvua viatu ndipo amsogelee. Hayo alifundishwa na nduguze na yule mama mlezi, mimi nikaendeleza. Mtoto akiondolewa kwa nduguze mapema mno, nani atamfundisha kwamba meno yanauma?

Kwa hiyo, dada, jaza fomu leo. Pale wanapouliza nani anabaki na mbwa mchana, andika ukweli hata kama ni "hakuna mtu", kwa sababu jibu hilo ndilo mlezi atakalolitumia kukuchagulia. Na akikwambia yule wa kwenye picha hakufai, muulize ni yupi anayekufaa.