Tope likikauka, uliza dawa za presha ziko wapi

Mama mkubwa alikuwa Katesh tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang. Alitoka mzima, na kitenge kimoja mwilini. Tulipompata kwenye simu akacheka, "Mungu mkubwa, mwanangu." Tukashusha pumzi.

Siku ya nne kifua kikambana. "Gesi tu hiyo," akasema, na jirani akamletea soda. Mimi nami nikadakia kwenye simu kwamba ni vidonda vyake vya tumbo. Hilo sijajisamehe. Jasho lilimtoka hadi kitenge kikalowa, na hapakuwa na joto lolote. Kijana mmoja wa kujitolea ndiye aliyeuliza: "Bibi, dawa za presha unakunywa?" Kopo la dawa lilikuwa limekwenda na tope.

Baadaye nikaanza kusoma. Los Angeles, siku ya tetemeko la Northridge, 17 Januari 1994, watu 24 walikufa ghafla kwa maradhi ya moyo. Wiki iliyotangulia wastani ulikuwa chini ya 5 kwa siku. Wajapani nao walishaeleza, mwaka 1990, moyo unaotuna kwa mshtuko ukafanana na chungu cha kutegea pweza, takotsubo. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. (Wa mama mkubwa haukuwa huo. Wake ni mshipa ulioziba.)

Kwa hiyo ukimpata ndugu aliyenusurika, baada ya "uko salama?" muulize dawa. Afadhali zaidi, leo hii piga picha maboksi ya dawa za wazee wako, jina na kipimo visomeke. Na kifua kikibana, jasho likimtoka au maumivu yakipanda mkononi au tayani, ni hospitali. Soda mtakunywa mkirudi.

Kazi yenyewe ilianza alipotoka wodini. Sisi tulidhani kapona. Kuosha kikombe tu kulimchosha, na mvua ikipiga bati, alikaa kitandani amevaa viatu. Daktari akaruhusu kutembea kidogo kidogo kila siku, basi tukaanza kwenda dukani kwa Mangi, mwendo wa dakika tano. Wiki ya kwanza alipumzika mara tatu njiani, akinilaumu mimi.

Juzi kaenda peke yake, karudi na chumvi na maneno ya dukani. Usiku mvua ikanyesha. Viatu alivaa.