Kabla hujashangilia kina cha 20

Wadogo zangu mnaoandika programu za sataranji, kila mara mgeni ananijia akiwa na furaha tele: "Yangu inafika kina cha 20!" Anadhani inatazama hatua 20 mbele. Nikimuuliza namba hiyo inahesabu nini, ananyamaza. Bidii yenu naipenda sana, ila makosa ni yaleyale, na yananichosha.

1. Pefti kwanza, yaani kuhesabu mifuatano yote ya hatua halali hadi kina fulani na kulinganisha na namba zinazojulikana, kabla ya tathmini (kuipa nafasi alama) na kabla ya jedwali la heshi (kumbukumbu ya nafasi zilizokwisha kuchunguzwa). Kutoka mwanzo wa mchezo, kina cha 1 hadi cha 5: 20, 400, 8,902, 197,281, 4,865,609. Hapa hakuna "karibu sawa". Ikipungua hata moja, una kosa.

Na msiishie kina cha 4. Kuna kijana niliyekuwa namwongoza, mwepesi wa akili kuliko wengi. Alipopata 197,281 aliliacha faili la kuzalisha hatua, akahamia kwenye tathmini. Akakesha akipanga uzito wa askari waliopenya, usalama wa mfalme, thamani ya farasi dhidi ya tembo. Programu ikaanza kushinda, tukaiingiza mashindanoni. Ikiwa mbele kwa ngome nzima, ikasogeza askari miraba miwili, na askari wa mpinzani aliyekuwa ubavuni akamla kwa kupita, kana kwamba amesogea mraba mmoja tu. Programu ikaikataa hatua hiyo kuwa si halali, ikakwama hapo hadi muda ukaisha. Kijana alibaki kuitazama skrini bila neno, na mimi nikakosa la kumwambia.

Baadaye tukaendesha pefti hadi kina cha 5: 4,865,351. Pungufu ni 258, na 258 ndiyo hesabu kamili ya hatua za kula kwa kupita katika nusu-hatua ya tano (nusu-hatua ni zamu moja ya mchezaji mmoja). Hakuwa ameziandika kabisa! Kina cha 4 kisingeweza kumwonyesha, maana kutoka mwanzo wa mchezo huwezi kula kwa kupita kabla ya nusu-hatua ya tano. Mfalme na ngome kuhama kwa pamoja hakuwezekani kabla ya ya saba, na askari hageuki malkia kabla ya ya tisa. Kwa hiyo tumieni pia mkao wa Kiwipete, nafasi maarufu ya kujaribia pefti: 48, 2,039, 97,862, 4,085,603. Huo unayo yote kufikia kina cha 4.

2. Tofauti na pefti, katika utafutaji kina ni namba ya mzunguko tu: programu hutafuta kwa 1, kisha kwa 2, na kuendelea. Chini ya "20" kuna matawi yaliyofupishwa kwa kuwa hatua zake zilikuwa mwishoni mwa orodha, yaliyokatwa baada ya hatua tupu (kumwachia mpinzani zamu bila kucheza), na yaliyorefushwa kwa kuwa mfalme ametishwa. Kisha utafutaji wa utulivu unaendelea kufuata kete zinazolika. Ukifupisha kwa ukali, kina kitapanda jioni moja na nguvu itashuka. Hatua iliyofupishwa ikivuka alfa (alama bora uliyokwisha kujihakikishia), itafute upya kwa kina kamili. Hili mnalisahau kila mwaka, jamani.

3. Msilinganishe nodi (nafasi zinazofikiwa katika utafutaji) kwa sekunde za programu mbili, kwa sababu kila mwandishi anahesabu nodi kwa namna yake. Deep Blue, kompyuta ya IBM iliyomshinda bingwa wa sataranji Kasparov mwaka 1997, ilipima nafasi kama milioni 200 kwa sekunde. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, programu ya AlphaZero ilipima kama 60,000 tu, mpinzani wake Stockfish milioni 60, na AlphaZero ndiyo iliyoshinda.

4. Nodi za kina kilekile zikifumka ghafla, kagua mpangilio wa hatua. Chukua hatua 35 kwa kila nafasi: kina cha 6 kina majani (nafasi za mwisho) 1,838,265,625, lakini alfa-beta, utafutaji unaokata matawi yasiyoweza kubadili jibu, ikiwa na mpangilio kamilifu hugusa 85,749 tu. Hatua bora iliyohifadhiwa kwenye jedwali la heshi itangulie, kisha kete zinazolika kwa faida.

5. Nguvu hupimwa kwa kuchezesha toleo jipya dhidi ya la zamani, michezo maelfu, muda sawa, mianzo tofauti.

Na mkiniletea hesabu za nodi, niambieni nafasi ni ipi na jedwali la heshi lina ukubwa gani, tena mwendeshe kwa uzi mmoja, yaani utafutaji mmoja tu bila mwingine unaokwenda sambamba. Nyuzi zikiwa nyingi, hesabu hubadilika kila mnapoendesha, na hatutajua kilichobadilika ni msimbo au ni bahati.